Shajara ya mradi: barua za walimu kwa waombaji wa vyuo vya nje, Dodoma

Julai, shule zinafunguliwa

Mradi unashughulikia barua za mapendekezo ambazo vyuo vya nje vinazidai kutoka kwa walimu. Kwa vyuo vya ndani hakuna kazi. Anayeomba UDOM au St John's anapimwa kwa matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, chini ya taratibu za TCU, tume ya vyuo vikuu, wala hakuna anayemuuliza mwalimu wake wa Kemia anamwonaje. Ndiyo maana barua iliyozoeleka shuleni ni ya utambulisho: fulani alisoma hapa tangu mwaka huu mpaka ule, tabia yake njema, apewe msaada atakaohitaji. Benki inatosha, ofisi ya kijiji inatosha. Kwa afisa udahili wa chuo cha Marekani haiongezi kitu, kwa sababu jina la shule na miaka ya kusoma tayari vimo kwenye fomu.

Kazi ya mwezi huu ni kalenda, na kalenda ndiyo inayoua maombi mengi kuliko Kiingereza kibovu. Kidato cha sita kinaanza Julai, mtihani wa taifa ni Mei, matokeo hutoka Julai. Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vya Marekani, hufungua msimu mpya 1 Agosti. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa 1 au 15 Novemba, ya kawaida siku za mwanzo za Januari. UCAS, mfumo wa maombi wa Uingereza, hufunga 15 Oktoba kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari, kisha Januari kwa kozi nyingine nyingi.

Mwanafunzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba akiwa bado kidato cha sita, kwa kutumia matokeo ya kidato cha nne na alama za kidato cha tano. Ya pili ni kusubiri matokeo ya kidato cha sita na kuomba msimu unaofuata. Kwa alama, njia ya pili ina nguvu zaidi. Kwa barua ni ngumu zaidi: mwalimu amepata uhamisho kwenda Singida, amebadilisha namba, ana darasa jipya la watu sitini na sura za zamani zinafifia. Uamuzi: barua zote zinaandikwa mwanafunzi akiwa bado shuleni, hata za wale wa njia ya pili. Wa njia ya pili, barua inakaa kwa mwalimu mwenyewe, kwenye barua pepe yake. Haikai kwa mwanafunzi.

Tarehe zetu za ndani ni hizi. Ombi kwa mwalimu, kabla ya Agosti kuisha. Rasimu, wiki ya mwisho ya Septemba. Kupandisha kwa wa Oktoba, tarehe 8. Kwa wa Novemba, tarehe 15 Oktoba. Kwa wa Januari, tarehe 25 Novemba. Hiyo ya mwisho inaonekana ni haraka isiyo na sababu, mpaka ukumbuke kwamba shule hufungwa Desemba. Mwalimu akishapanda basi la kwenda kwao kwa Krismasi, ofisi imefungwa, muhuri uko kabatini, na mkuu wa shule naye hayupo.

Agosti, wiki ya pili: nani aandike

Kosa la kawaida ni kukimbilia cheo. Mwanafunzi anataka barua ya mkuu wa shule, au ya ofisa wa wilaya anayefahamiana na baba yake. Chuo kinataka mtu aliyemfundisha, anayejua anavyofikiri anapokwama. Mkuu wa shule ana nafasi yake kwenye ripoti ya shule, tutaifikia.

Vigezo tulivyoweka: mwalimu amemfundisha kidato cha tano au cha sita, somo ni la tahasusi yake (masomo matatu anayobobea), na anaweza kutaja bila kusoma popote jambo moja ambalo mwanafunzi huyo alilifanya darasani. Hicho cha tatu ndicho kipimo. Mwalimu akisema tu "ni mzuri, yuko vizuri", tunatafuta mwingine, hata kama alama za somo lake ndizo za juu.

Vyuo vingine vinataja masomo. MIT, ambayo haitumii Common App bali mfumo wake, inataka barua moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa sanaa, lugha au sayansi ya jamii. Kwa mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) hapo pana shida ya kweli, maana walimu wake karibu wote ni wa sayansi. Wa kukimbilia ni mwalimu wa GS (General Studies), na hapo mwanafunzi aliyekuwa analala kwenye kipindi cha GS ndipo anapojuta. Asipopatikana, mwalimu wa Kiingereza au Historia wa kidato cha nne anafaa, ilimradi bado anamkumbuka.

Kikomo: mwalimu mmoja asibebe zaidi ya wanafunzi watano kwa msimu. Akizidishiwa, barua zinaanza kufanana, na barua mbili zinazofanana kutoka shule moja zikifika chuo kimoja zinaharibiana.

Ombi linafanywa ana kwa ana. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo habari ya kumwandikia mwalimu WhatsApp haipo. Mwanafunzi anaenda ofisini wakati wa chai, anaamkia, anaomba, na anaacha njia ya mwalimu kukataa kwa heshima: "Kama kazi ni nyingi, Mwalimu, niambie tu, nitamwomba mwingine." Mwalimu aliyebanwa akakubali huandika mistari sita.

Na malipo hakuna. Mradi unagharamia bando, uchapaji na skani. "Chai" ya barua ikishaingia, msimu ujao asiye nayo haandikiwi.

Agosti, wiki ya mwisho: karatasi ya taarifa

Hiki ndicho kifaa kikuu cha mradi. Kila mwanafunzi anamjazia kila mwalimu karatasi yake, kurasa mbili zisizozidi, kwa mkono au kwa kuchapa. Ya mwalimu wa Kemia inazungumzia Kemia, na haifai kumpa nakala ileile mwalimu wa Jiografia.

Juu kabisa ni jina kama lilivyo kwenye pasipoti au, kama pasipoti bado, kama litakavyoandikwa kwenye fomu. Jambo hili linaonekana dogo lakini linasumbua. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, mwalimu anamjua kwa jina la ubatizo, na barua inafika chuoni ikiwa na jina la mtu ambaye mfumo haumjui. Jina moja lichaguliwe sasa, litumike kila mahali.

Kisha: tahasusi, kozi anayoiomba, vyuo na tarehe zao. Halafu sehemu nzito: matukio mawili au matatu kwenye somo hilo, kila moja kwa mistari minne au mitano. Swali la kuwaongoza ni "ulikwama wapi, ukafanya nini?" Wengi huanza kuorodhesha nafasi walizoshika darasani, hizo ziko kwenye ripoti tayari, zifutwe.

Mwisho ni majukumu nje ya darasa: ukiranja, klabu, na pia kazi za nyumbani. Wanafunzi huficha kwamba likizo wanafanya kazi kwenye shamba la zabibu Hombolo, au ndio wanaolea wadogo zao, wakidhani chuo kitawadharau. Vyuo vya Marekani vinayahesabu majukumu ya familia kama shughuli halali, na mwalimu akiyajua anaweza kueleza alama za muhula fulani zilishuka kwa nini.

Septemba, wiki ya kwanza: akaunti na mialiko

Jumamosi kwenye chumba cha kompyuta, mwalimu wa taaluma akisimamia. Mtiririko kwenye Common App una mpangilio wake, na ukiruka hatua kitufe hakionekani. Mwanafunzi anaingiza shule yake kwenye sehemu ya elimu, anaongeza angalau chuo kimoja, kisha anasaini tamko la FERPA. Hapo ndipo anapoweza kualika walimu, na baada ya kuwaalika anawapangia kwa kila chuo. Kualika bila kupanga hakutoshi. Barua inakaa kwenye mfumo bila kwenda popote.

FERPA ni sheria ya Marekani ya 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake. Fomu inamuuliza kama anaiacha haki ya kusoma barua hizi baadaye. Tunashauri aiache. Mwalimu anaandika kwa uhuru, na msomaji anaiamini barua zaidi. Uchaguzi huo haubadiliki tena barua ikishatumwa, hivyo anausoma kwanza, asibofye tu.

Barua pepe za walimu ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko yote. Wengi wana Gmail iliyofunguliwa siku ya kununua simu na nenosiri limesahaulika. Utaratibu sasa: kabla ya mwaliko, tunatuma ujumbe wa majaribio na kusubiri mwalimu ajibu. Asipojibu, mwaliko hautumwi. Baada ya kutuma, mwalimu anaangalia na folda ya barua taka, maana mialiko huangukia huko mara kwa mara.

Kuna jambo halina mjadala. Mwanafunzi hafungui barua pepe kwa jina la mwalimu "ili kurahisisha", wala hapewi nenosiri la mwalimu. Chuo kikigundua, nafasi inafutwa hata kama mwanafunzi ameshafika huko, na shule nzima inaanza kutiliwa shaka.

Septemba, wiki ya mwisho: rasimu mezani

Rasimu nyingi zilizofika zina sura moja: mwenye bidii, mtiifu, mcha Mungu, anashirikiana na wenzake, hajawahi kuadhibiwa. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanaweza kuandikwa kwa mwanafunzi yeyote wa nchi hii. Msomaji wa chuo hamwoni mtu hapo.

Mfano wa aya inayofaa, wa kubuni: "Kwenye titresheni ya Novemba majibu yake mawili yalipishana kwa 0.6 cm³. Wenzake walichukua wastani wakaendelea. Yeye aliomba dakika tano, akakuta kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, akakitoa na kurudia. Kisha akaenda meza ya jirani kuangalia bureti zao." Maneno yasiyofika hamsini, na bidii, uangalifu na ushirikiano vyote vimo bila kutajwa.

Urefu: ukurasa mmoja wa A4, maneno 400 hadi 600. Ifunguliwe kwa mwalimu kusema amemfundisha nini na kwa muda gani, kisha matukio mawili, kisha anavyomlinganisha na wengine aliowahi kuwafundisha. Jina la chuo lisitajwe popote. Barua ya Common App ni moja na inakwenda vyuo vyote alivyopangiwa mwalimu; ikiandikwa "atafaa sana Yale", vyuo vingine vinasoma hivyohivyo.

Mwalimu ambaye Kiingereza cha kuandika kinamchelewesha anazungumza. Anarekodi sauti ya WhatsApp ya dakika sita au saba, kwa Kiswahili kama anapenda, mchapaji wa mradi anaiandika na kuitafsiri, mwalimu anaisoma, anarekebisha na kuipandisha mwenyewe. Barua zilizopita njia hii zimekuwa na uhai kuliko zilizoandikwa mezani kwa kalamu. Ile desturi ya "andika wewe, nitasaini" tumeifunga: barua ya mwanafunzi na insha yake hutoka na sauti moja, hata maneno ya kupenda ni yaleyale. Za programu za akili unde zinajulikana kwa ulaini wake. Hazina bureti wala kiputo.

Kisha jedwali la kupima tabia. Mwalimu wa Common App anajaza pia orodha ya sifa, kila moja kwa ngazi: chini ya wastani, wastani, nzuri, nzuri sana, bora (asilimia 10 ya juu), ya pekee (asilimia 5), na wale wachache kabisa aliowahi kukutana nao (asilimia 1). Walimu wetu, kwa mazoea ya ripoti za muhula, huweka "nzuri" wakiwa wamesifia kwa moyo wote. Kwenye ngazi hii "nzuri" ni juu kidogo tu ya wastani. Tunawaomba wasome asilimia, waache kivumishi: katika kila wanafunzi mia uliowafundisha somo hili, huyu anakaa wapi? Kama ni kati ya kumi wa kwanza, weka hapo. Kama hujamwona kwenye jambo fulani, kuna kisanduku cha kusema huna msingi wa kujibu, na kukitumia mara mbili tatu kunaongeza imani kuliko kumpa asilimia 1 kila mstari.

Oktoba, wiki ya kwanza: ripoti ya shule

Sehemu hii ni ya mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule, ambaye Common App inamhesabu kama mshauri wa mwanafunzi. Anapandisha alama, barua yake na maelezo ya shule.

Maelezo ya shule yaandikwe mara moja, yatumike kwa wote. La lazima humo ni viwango vya NECTA. Kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44. Kidato cha sita: A ni 80 na kuendelea, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39. Asiyejua haya akiona 62 anadhani mtoto anaelea juu ya kufeli, kumbe ni C ya Advance. Iongezwe pia idadi ya wanafunzi kwa darasa, tahasusi zilizopo, na kama maabara ina vifaa vya kila mmoja au wanagawana.

Skani ya barua ya mkuu wa shule: kwa rangi, maana skani ya nyeusi na nyeupe hufifisha muhuri wa zambarau. Muhuri upigwe pembeni ya saini, usifunike maandishi. Dpi 150 hadi 200 zinatosha, faili libaki chini ya KB 500. Programu za bure za simu zinazoacha nembo yake chini ya ukurasa tusizitumie. Stesheneri yoyote ya mjini inaskani kwa bei ndogo. Jina la faili liwe la mwanafunzi na somo, bila mkwaju wala alama za ajabu.

Oktoba, kuelekea tarehe 15: UCAS

Wa UCAS ni wachache, lakini mfumo wake una tabia tofauti. Kwenye Common App mwanafunzi anatuma sehemu yake bila kumsubiri mwalimu. Kwa mwombaji binafsi wa UCAS, fomu haiendi mpaka mdhamini, yaani mwalimu anayemwandikia, amalize. Mwalimu mmoja aliyechelewa anazuia kila kitu.

Tangu maombi ya kuingia 2024, maelezo ya mdhamini yana sehemu tatu ndani ya herufi 4,000 kwa jumla: kuhusu shule, kuhusu mazingira yaliyoathiri masomo, na mengine ya mwombaji. Ya kwanza ndiyo ya lazima, na tunaichota kwenye maelezo ya shule. Ya pili itumike kwa mambo mahususi: darasa lilikaa muhula bila mwalimu wa Fizikia, mwanafunzi alilazwa. Umaskini wa jumla wa mkoa haufai hapo. Alama za makadirio tunazitoa kwenye mitihani ya ndani, kwa kuwa moko huja baada ya dirisha kufungwa.

Saa ya mwisho ni 12 jioni ya Uingereza. Oktoba hapo kwetu ni saa 2 usiku. Januari, saa zao zikisharudishwa nyuma, ni saa 3 usiku. Common App inafuata saa za mahali alipo mwombaji, saa 5:59 usiku. Yule anayesema "Marekani bado ni mchana" hana masaa ya ziada.

Novemba: kufuatilia

Wa tarehe 1 wamekamilika isipokuwa mwalimu mmoja aliyeanza kuandika moja kwa moja kwenye ukurasa, umeme ukakatika, kazi ikapotea. Maelekezo yamebadilishwa: barua inaandikwa kwenye Word, inahifadhiwa PDF, ndipo mtandao unafunguliwa.

Ujumbe wa kukumbusha tunautuma sisi, si mwanafunzi, siku kumi kabla na tena siku tatu kabla: "Habari za kazi, Mwalimu. Tunakumbusha barua ya Kemia ya mwanafunzi wako wa PCB, mwisho wetu ni tarehe 25. Bando limeshatumwa. Linki ikigoma tupigie, tutakuja shuleni na kompyuta." Ahadi ya kompyuta kufika shuleni imesukuma barua nyingi kuliko ukumbusho wenyewe, hasa kwa shule za Mpwapwa na Kondoa.

Barua ikishatumwa, akaunti ya mwanafunzi inaonyesha hivyo. Tovuti ya chuo inaweza kuendelea kusema haijaipokea kwa wiki moja au mbili, kwa sababu wanaingiza nyaraka kwa foleni. Hakuna kutuma nakala ya pili kwa barua pepe kabla ya muda huo. Nakala mbili huongeza foleni.

Desemba, kabla ya shule kufungwa

Zilizobaki ni za walimu wawili waliohamishwa katikati ya muhula. Wanaruhusiwa kuandika, wanataja shule waliyomfundishia na miaka, na Common App haidai karatasi yenye nembo. Kwa ufadhili unaodai muhuri, mkuu wa shule ya zamani anaandika mistari miwili ya kuthibitisha kwamba mwalimu huyo alifundisha hapo.

Mwalimu wa taaluma anaondoka na nakala za matokeo ya muhula kwenye flashi, kwa ajili ya ripoti ya katikati ya mwaka ambayo vyuo vingi vinaitaka Januari au Februari. Ripoti ya mwisho itasubiri matokeo ya NECTA ya Julai. Orodha ya nani anaitaka ipi iko kwenye jedwali la pamoja, safu ya mwisho kulia. Walioandikwa kwa nyekundu wapigiwe kabla ya tarehe 10 Januari.